Mpira Kwenye Paja la Emery

Kanyere Sandrine alikuwa katika mwaka wa pili wa kujifunza upasuaji, na tofauti na wenzake watatu, alizipenda Jumanne. Kila Jumanne asubuhi Dokta Augustin aliwakusanya katika chumba cha kuhifadhia mashuka, akaegemea rafu, akawauliza habari za dawa na za mwili: dawa hii hutokaje mwilini, figo zikigoma itakuwaje, moyo utaipokeaje. Hakuwa mtu mkali. Wapasuaji wengine wawili wa hospitali ile walikuwa wameuhama mji wa Bunia mwaka uliotangulia, kazi yote ikabaki mikononi mwake, na alikuwa amechoka.

Jumanne ile aliuliza juu ya mgonjwa aliyeungua moto siku kumi zilizopita.

"Munataka kumulalisha mbele ya kumupasua. Mutamupatia suksa?"

Suksa ni dawa ya kulegeza misuli kwa haraka ili bomba la hewa lipite kooni. Sandrine hakungoja wenzake. Alijibu kwa Kifaransa kitupu, karibu bila kupumua: kwamba chumvi iitwayo potasiamu hukaa ndani ya chembe za mwili na kidogo sana huwa katika damu, kwamba msuli ulioumia, ukiguswa na suksa, huimwaga potasiamu yake nje, kwamba ikijaa katika damu, moyo husimama. Akataja vipimo, akataja mistari ya mashine ya moyo inavyobadilika, akataja dawa za kuuokoa moyo, moja baada ya nyingine. Dokta Augustin aliitikia kwa kichwa. Muzee Zacharie, muuguzi wa dawa za usingizi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alicheka.

"Uyu mutoto anasema kama kitabu," alisema.

Sandrine alitoka pale amefurahi. Baba yake alikuwa amefunga duka Butembo na kuja kuanza upya hapa, mtaa wa Lumumba, wakati binti huyu ana miaka kumi na miwili, na katika nyumba yao Kifaransa cha Sandrine kilikuwa ndicho kitu kilichohesabiwa kuwa hakikupotea njiani.

Saa nane ya mchana waliletwa watu wawili kwa mpigo. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyepigwa risasi tumboni. Huyo alipelekwa moja kwa moja katika chumba cha upasuaji, na Dokta Augustin akamfuata. Wa pili alikuwa dereva, jina lake Emery, mwenye miaka thelathini na moja.

Lori lake, lililobeba mbao kutoka Komanda, lilikuwa limeteleza alfajiri na kulala ubavu, na mguu wake wa kulia ukabanwa chini ya mlango. Damu ilipoanza kutiririka, motari mmoja aliyepita alifungua mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki yake, akaukaza kwenye paja la Emery kwa nguvu zake zote, kisha akaenda kuita watu. Lakini barabara ile wakati huo watu waliiogopa. Magari yalikuwa yakingoja kwenda kwa msafara pamoja na wanajeshi, na msafara ulifika karibu saa sita. Ndipo lori lilipoinuliwa.

Alikuwa hai, na alikuwa na maneno. Alimwambia muuguzi Assani kwamba mbao zake ni za mtu wa mtaa wa Shari na kwamba mtu huyo atalia kuliko mama mzazi wa Emery. Mkewe, Émilienne, alikuwa amekuja mbio kutoka Rwambuzi kwa miguu, kitenge chake kimefungwa vibaya. Alisimama upande wa kichwa, amemshika mumewe sikio, kama vile hakuona mahali pengine pa kumshika pasipo na jeraha.

Sandrine aliutazama mguu. Chini ya goti ulikuwa umesagwa. Kuanzia kwenye mpira kwenda chini ngozi ilikuwa na rangi ya ini, imepoa, na vidole vilikuwa vimekakamaa. Alichoma unyayo kwa sindano. Emery aliendelea kusimulia habari za mbao.

Mpira ule ulikuwa umemwokoa asiishiwe damu, na kwa saa nane ulikuwa umeua kila kilichokuwa chini yake. Nyama iliyokufa ilikuwa imeachia potasiamu yake na asidi yake, na vyote vilikaa pale, vimezuiwa na mpira tu. Ukilegezwa, vingepanda kwenda moyoni kwa mapigo machache. Njia ilikuwa moja: kukata mguu juu ya mpira, mpira ukiwa umekaza vilevile.

"Dokta," Emery alisema, "muguu hainiume. Ni hii mpira ndiyo inaniuma. Muitoshe, muifungue."

"Mpira hatuitoshe. Muguu imekufa, papa Emery. Tutaikata, hapa juu."

Emery aliutazama mguu wake.

"Miye ni shofa," alisema. "Muguu ya kuume ndiyo ya freni."

"Ninajua."

"Hapana. Haujue. Ngojeeni yaya Bruno, mukubwa yangu. Iko njiani anatoka Mongbwalu. Yeye akisema mukate, mutakata."

Sandrine alijaribu tena, mara mbili, na mara zote mbili alipata jibu lile lile. Akaenda mbio hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Dokta Augustin alikuwa na mikono miwili ndani ya tumbo la yule mwanamke na hakuinua kichwa.

"Meza ni moja," alisema kupitia barakoa. "Nipatie saa moja. Mtayarishe. Serumu kwa wingi, ketamine ya usingizi, suksa usiiguse. Kalsiamu ya kuokoa moyo iwe karibu na kitanda. Na urudi unishikie hapa, huyu anatoka damu nyuma ya ini na mwenzako peke yake hawezi."

Sandrine alirudi kwa Emery. Alifungua chupa ya pili ya serumu, maji ya mshipani, akaweka chupa nne za kalsiamu kwenye kisahani, akakata kipande cha plasta, akakiandika kwa Kifaransa kwamba ni marufuku kugusa, akakibandika juu ya mpira. Kisha akamgeukia Émilienne. Alikuwa na haraka, na alipokuwa na haraka lugha ya darasani ndiyo iliyomtoka.

"Madame, garo hii hatuiguse, kuko risque ya hyperkaliémie. Tuko nafuata protocole. Umesikia?"

"Ndiyo, Dokta," alisema Émilienne.

Sandrine alimwambia pia Assani, ambaye alikuwa peke yake na wagonjwa kumi na wanne, na Assani akaitikia akiwa anakimbia na chupa ya oksijeni. Halafu Sandrine akaenda kunawa mikono.

Yaliyofuata aliyasikia baadaye, kutoka kwa Émilienne mwenyewe.

Kwa nusu saa Emery alivumilia. Kisha maneno yakamwishia. Alianza kuuma shuka. Dawa ya maumivu aliyopewa haikufika pale mpira ulipokata nyama. Alimwita mkewe kwa jina la utotoni, ambalo hakuwa amelitumia tangu walipooana. Akamwambia: "Legeza kidogo. Si kuitosha. Kidogo tu, nipumue." Émilienne alimtafuta Assani kwa macho, akamwona upande wa pili wa chumba akiwa amepiga magoti kwa mtoto mwenye degedege. Aliitazama ile plasta. Alikuwa amesoma hadi mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na herufi alizijua, ila maneno yale hayakuwa ya lugha yake. Aliingiza vidole viwili chini ya fundo. Lilikuwa gumu. Alitumia meno.

Emery alishusha pumzi ndefu.

"Aa," alisema. "Sasa iko muzuri. Mungu akubariki."

Akatabasamu. Baada ya muda mfupi alisema midomo inamwasha, kama ameramba pilipili. Akasema mikono yake imekuwa mizito. Émilienne alidhani usingizi unamchukua, akafurahi kwamba amepata kulala.

Assani ndiye aliyepiga kelele. Sandrine alitupa glavu sakafuni akatoka mbio. Kwenye mashine mawimbi ya moyo yalikuwa yamepanuka na kupinda mpaka hayakuonekana tena kuwa mapigo, na alipoufikia mkono wa Emery hakukuwa na kitu cha kuhesabu. Aliona mpira umelegea. Aliukaza kwanza, kisha akapanda juu ya kitanda, akaanza kubana kifua.

"Kalsiamu! Yote, polepole hapana, sukuma!"

Muzee Zacharie alikuja, akatia bomba la hewa kooni, akapuliza. Walitoa kalsiamu chupa nne. Walitoa bikabonati, glukosi na insulini. Kila kitu alichokitaja asubuhi ile katika chumba cha mashuka, kwa mpangilio uleule, kilipita katika mshipa wa Emery. Mara moja mashine ilionyesha mapigo matatu yaliyonyooka, na Sandrine akajisikia akisema "njoo, njoo." Kisha mstari ukalala. Waliendelea dakika arobaini, wakipokezana na Assani, hadi Dokta Augustin alipotoka katika chumba cha upasuaji na damu ya yule mwanamke mpaka viwikoni, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Sandrine, akausimamisha.

Émilienne alikuwa ukutani. Alikuwa amejikunja, ameweka vidole mdomoni, na Sandrine aliona kwamba midomo yake ina uchafu mweusi wa mpira.

Bruno alifika saa kumi na moja kasoro, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwanamume mkubwa, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyemlea Emery baada ya baba yao kufa. Aliifunua shuka, akaangalia uso, akaangalia mguu. Akauliza swali moja, kwa sauti ndogo.

"Njiani bananiambia anaongea. Mbao zake, alikuwa anaongea juu ya mbao. Sasa ni nani alimuua?"

Émilienne alitazama sakafu. Sandrine alikuwa na jibu, lilikuwa kweli, lingemtoa katika balaa, naye aliwatazama wanaume wanne waliokuja na Bruno, kisha akamtazama yule mwanamke aliyejikunja ukutani.

"Alikuwa mikononi mwangu," alisema.

Bruno alimpiga kofi moja. Assani na wengine wakamshika. Hakujaribu kupiga tena. Alikaa chini sakafuni karibu na kitanda, akaanza kulia kwa sauti kubwa, na ilikuwa vigumu zaidi kumtazama akilia kuliko akipiga.

Kesho yake Dokta Augustin alimwita Sandrine.

"Nani alilegeza mpira?"

"Bibi yake, Émilienne."

"Utaandika hivyo."

"Mimi nilimwacha bila kumweleza, Dokta. Nilimwambia maneno ambayo hawezi kuyaelewa, na nilijua hivyo nikiwa nayasema. Nilitaka tu kuwa nimeshasema."

Dokta Augustin alifikicha macho.

"Basi andika yote mawili. Na uongeze kwamba nilikuondoa kwake ukanishikie tumbo la mtu mwingine. Yule mama wa risasi yuko hai. Hilo pia ni kweli, wala halitusaidii."

Aliandika yote. Ripoti ikaenda kwa mkurugenzi. Juma lililofuata Bruno alishtaki kwa mwendesha mashtaka, kwamba hospitali imemuua ndugu yake, na katika karatasi jina lilikuwa moja: Kanyere Sandrine. Alizuiwa kuingia chumba cha upasuaji. Mkurugenzi alimwita akamwambia kwamba Ijumaa ataipeleka ripoti ile mbele ya Bruno na wakili, mambo yaishe.

"Bibi wa Emery hajajua kilichomuua," Sandrine alisema. "Naomba nimwambie kwanza. Asisikie kwa watu."

Mkurugenzi alimpa siku tatu.

Alikwenda Rwambuzi Jumatano, baada ya mvua. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na viti vya matanga vilikuwa bado vimepangwa nje. Msichana wa miaka sita alikuwa akimfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu. Émilienne alimkaribisha ndani, akampa kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Weye ndiye banashitaki," alisema. "Shemeji anasema watakufunga."

"Sijakuja juu ya hiyo, mama. Nimekuja kukuambia namna gani alikufa."

"Niambie."

Sandrine alikuwa amelitayarisha neno lake njiani, kwa Kiswahili chote, akitupa kila neno ambalo mama huyu asingelijua.

"Muguu ilikufa kule barabarani, mbele ya kufika ku hospitali. Nyama ikikufa, inatoa sumu. Ile sumu ilikuwa inakaa ndani ya muguu, haina njia ya kupita. Mpira ndiyo ilikuwa inaizuia. Siku ile, mpira ilipolegea, sumu ikapanda na damu, ikafika ku moyo. Moyo haiwezi kuvumilia hiyo sumu hata kidogo. Ikasimama."

Nje, msichana alisema "tena, rudilia tena."

"Kwa hiyo ni miye," alisema Émilienne.

"Ni mukono yako. Lakini ni miye nilipaswa kukuambia hii maneno, na sikukuambia. Nilikuambia Kifaransa."

"Kama sikulegeza, angeishi?"

Sandrine alikuwa ameliogopa swali hili tangu asubuhi. "Labda. Na muguu moja. Kuko watu benye banakufa hata kama mpira haiguswe. Sijue."

"Usiniambie labda. Sema angekufa tu."

"Siwezi, mama."

Ndipo Émilienne alipokaa, chini, si kwenye kiti. Akamsimulia yote: shuka aliyokuwa akiiuma, jina la utotoni, fundo, meno. Alisimulia polepole, bila kulia. Alipofika kwenye "Mungu akubariki" alisimama hapo, akaanza tena, akasimama hapo hapo.

"Tangu siku ile nalala na nasikia ladha ya mpira," alisema. "Nilijua. Sikujua namna gani, lakini nilijua." Kisha akainua uso. "Haya maneno yako si mingi. Umeyamaliza kabla mutoto hajafunga kiatu. Juu ya nini haukuniambia hivi siku ile?"

Sandrine aliinuka kwenye kigoda.

"Ijumaa mkurugenzi atamwambia shemeji yako," alisema. "Nilitaka ujue mbele."

"Nitamuambia miye," alisema Émilienne. "Usirudi hapa."

Alimwambia Bruno Alhamisi jioni, mbele ya ukoo wote, amesimama. Ijumaa Bruno alikwenda kuyaondoa mashtaka yake. Hakumtaja tena Sandrine. Jumapili alirudi Rwambuzi na gari, akampakia yule msichana wa miaka sita pamoja na nguo zake, akampeleka Mongbwalu kwa mkewe, akisema mtoto wa ndugu yake hatalelewa na mkono uliomuua baba yake. Mdogo aliachwa kwa sababu alikuwa bado hawezi kulala bila mama yake.

Sandrine aliyasikia hayo kwa Assani, mwenye shangazi Rwambuzi. Habari ya mashtaka ilimfikia kwanza, na kwa muda wa kutembea kutoka dirisha la famasi hadi lango alisikia mwili wake wote umekuwa mwepesi. Kisha Assani akamalizia habari ya mtoto. Aliona aibu ya ule wepesi, aibu ambayo hakuwahi kuijua, na haikumwacha.

Alimwomba Muzee Zacharie amsindikize kwa Bruno. Walikwenda na pikipiki mbili, safari ya karibu nusu siku na vizuizi vyake. Bruno aliwapokea nje ya ua. Zacharie, ambaye mvi zake zilimpa ruhusa ya kuanza, alisema kwamba mwanamke yule hakujua, kwamba alifanya kwa upendo, kwamba mtoto anamhitaji mama yake. Sandrine akasema kosa la kwanza lilikuwa lake, na kama ni kuchukia, amchukie yeye.

Bruno aliwasikiliza hadi mwisho.

"Nakusikia, Dokta. Weye uliacha kusema, ye akafungua. Muliniulia ndugu mukiwa wawili. Sasa munakuja kuniomba mutoto."

Akawapa maji ya kunywa, kwa kuwa walitoka mbali, akangoja hadi walipomaliza, akafunga lango.

Sandrine alirudishwa katika chumba cha upasuaji mwezi wa tatu baada ya hapo. Mtihani wake wa mwaka aliufaulu. Kabla ya hapo, ingawa alikuwa ameambiwa asirudi, alikwenda Rwambuzi mara moja kumwambia Émilienne kwamba wamejaribu na wamekataliwa. Émilienne alimsikiliza akiwa mlangoni, mtoto mdogo mgongoni.

"Nilijua atakataa," alisema. "Ulimuona?"

"Nani?"

"Mutoto yangu. Weye ulimuona? Iko namna gani?"

Sandrine alikuwa amemwona kidogo, nyuma ya Bruno, akipepeta mchele na wasichana wengine. Alikuwa amesukwa nywele upya.

"Nilimuona. Iko muzima. Walimusuka."

"Walimusuka namna gani?"

Sandrine alijaribu kukumbuka, akachora mistari ya misuko kichwani mwake mwenyewe kwa kidole, kutoka kwenye paji kwenda nyuma. Émilienne aliifuata ile mistari kwa macho hadi ilipoisha, kisha akaingia ndani.